Wembe Kwanza, Rangi Baadaye

Ujumbe ninaoupokea mara nyingi kuliko mwingine wowote huwa hivi: "Shikamoo mwalimu, nimepata hadubini, safranini nitainunua wapi?" Mtu kapewa hadubini ya mtumba na ndugu yake, kaweka kipande cha jani juu ya slaidi, kachungulia, kaona giza la kijani, akaamua kwamba kinachokosekana ni rangi. Namwomba picha. Naona mnofu wa jani wenye unene wa kadi ya benki. Hapo hata ukimwaga chupa nzima, utatoka kwenye giza la kijani uingie kwenye giza la zambarau.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya baiolojia, na slaidi za mimea nazikata kwa mkono kila muhula. Rangi nazipenda, nitazifikia. Lakini sehemu kubwa ya kazi inaisha kabla hujafungua kichupa chochote.

Mwanga wa hadubini unatoka chini, unapenya kipande, unafika jichoni. Kipande kikiwa na matabaka sita ya seli, unayaona yote sita yamelaliana kama nyavu zilizorundikwa ufukweni. Seli nyingi za jani na shina zina upana wa maikromita 20 hadi 100, na maikromita 1000 ndiyo milimita moja. Kwa hiyo tunatafuta kipande cha maikromita 20 hadi 50, yaani unene wa unywele au pungufu. Mkono unaweza. Robert Hooke alikata kizibo kwa kisu alichokinoa kikawa mithili ya wembe, akaona vile vijumba alivyoviita seli, na kitabu chake kilitoka mwaka 1665. Wewe wembe umeshanolewa kiwandani, na bei yake haizidi andazi.

Nunua wembe wa pande mbili, ule mwembamba. Uvunje katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, upate nusu mbili, kisha upande butu uzungushie plasta ili usijikate. Futa mafuta ya kiwandani kwa pamba yenye spiriti. Na usiuonee huruma. Mahindi, miwa na matete vina silika ndani ya ngozi zao, na silika ni jamaa wa mchanga. Vipande kumi tu vya bua la mhindi na ule ukali umekwisha. Wembe butu haukati seli, unazikanyaga. Ukiona kuta za seli zimejikunja upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe, tupa wembe.

Kushika nako kuna namna yake. Kitu unachokata kikae kati ya dole gumba na kidole cha shahada, shahada ikiwa juu kidogo, na wembe ulale juu yake kama juu ya meza. Lowanisha wembe na mmea kwa maji. Kisha vuta wembe kuelekea kwako kwa mshazari, kwa mkono mzima kuanzia begani, mara moja, bila kusita. Usisukume kama anayemenya muhogo wala usikekete kama anayekata mkate. Vipande vitaelea kwenye maji juu ya wembe. Vichote kwa brashi laini ya rangi za maji, uvitie kwenye kisosi.

Sasa siri ambayo ingeniokolea mwaka mzima wa uanagenzi kama ningeambiwa mapema: huhitaji duara kamili. Wanafunzi wangu wanahangaika kupata kipande cha shina zima, kizuri kama sarafu, na kila mara kinakuwa kinene. Acha. Kata kipande chenye umbo la kabari, kinene upande mmoja na kuishia na kutoweka upande wa pili. Pale kinapokaribia kutoweka ndipo pana tabaka moja la seli, na eneo hilo likiwa na milimita moja tu, linajaza hadubini yako yote. Kata thelathini, weka kisosi juu ya kitambaa cheusi, chagua vile ambavyo ni kazi hata kuviona. Vilivyobaki mwaga.

Jani jembamba halishikiki peke yake, linahitaji kubanwa. Vitabu husema karoti, nayo ni nzuri: ipasue, ingiza jani katikati, kata vyote pamoja. Mimi napenda zaidi kile kiini cheupe cha ndani ya mti wa muhogo mkavu. Ni chepesi, hakina maji, na wembe unapita kama kwenye sponji. Kiazi usitumie. Nilikitumia zamani, nikatia iodini, nikaona jani limejaa chembe nyeusi za wanga kila kona, nikaenda kumwita mkuu wangu kwa furaha. Akatazama, akaniuliza nimebania nini.

Wapo wanaotengeneza kikatio cha boliti. Unachukua boliti ya milimita 10 na nati yake, unaiingiza boliti kidogo tu, shimo lililobaki juu unasimamisha shina na kumwagia nta ya mshumaa. Boliti hiyo ya kawaida hupanda milimita moja na nusu kwa kila mzunguko, kwa hiyo ukichora uso wa saa kwenye kadibodi, kila alama ya dakika moja inakupa maikromita 25. Hesabu inapendeza. Matendo hayapendezi sana: shina likiwa bichi nta hailishiki, linachomoka, na wembe mwembamba unapinda ukigusa chuma. Kwa vijiti vigumu vikavu ninacho na ninakitumia. Kwa mengine nimerudi kwenye vidole.

Haya, rangi.

Iodini ya duka la dawa, iliyozimuliwa kwa maji mpaka iwe kama chai ya rangi, inageuza wanga kuwa bluu-nyeusi. Ni hilo tu, lakini inalifanya vizuri. Ya pili ni jivii, ile dawa ya zambarau ya kupaka watoto utando mdomoni. Dada wa duka la dawa alipozoea kuniona aliniuliza, "Baba, mtoto bado hajapona tu?" Nikamwambia mgonjwa wangu ni mkonge. Tone moja la jivii kwenye kijiko cha maji, dakika moja, kisha suuza kwa maji, halafu kwa spiriti iliyozimuliwa, huku ukichungulia. Spiriti inaondoa rangi haraka kwenye kuta laini na polepole kwenye kuta zenye lignini, ile gundi inayoupa mti ugumu. Unaacha pale zailemu, ile mirija inayopandisha maji, na nyuzi zimebaki zambarau na sehemu nyingine zimefifia. Safranini hufanya kazi hiyohiyo kwa rangi nyekundu.

Lakini ukinilazimisha kubaki na rangi moja, nachukua toluidini ya bluu. Gramu 0.05 katika mililita 100 za maji, basi. Gramu moja inakutosha miaka. Ni rangi moja inayotoa rangi kadhaa: kuta zenye lignini zinakuwa bluu ya kijani kama bahari ya kina kifupi, na kuta laini zenye pektini nyingi, ile gundi laini inayoshikanisha seli, zinakuwa zambarau ya waridi. Watafiti O'Brien, Feder na McCully waliieleza kwa kuta za seli za mimea mwaka 1964, na bado sijaona inayoipita kwa urahisi. Sekunde 30 zinatosha kabisa. Suuza mpaka maji yatoke meupe, utazame ndani ya maji, kwa sababu spiriti inaufuta ule utofauti wa rangi.

Kioo cha kufunikia kishushe kwa mshazari, ukingo mmoja kwanza, kwa ncha ya sindano. Vile viduara vyenye ukingo mweusi mzito ambavyo kila mgeni huniletea kama seli za ajabu ni hewa tu.

Wiki iliyopita nilikata mkonge, na huo ndio ulionifanya niandike haya. Mkonge wetu ulifika Tanganyika mwaka 1893, Mjerumani mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, alipoagiza miche kutoka Florida, na kamba zake tunazijua wote. Ndani ya jani lake ni wachache waliochungulia. Jani ni nene, kwa hiyo nilitoa kijiti cha ukubwa wa njiti ya kiberiti, nikakilaza siku moja kwenye spiriti ili kikaze na kutoa hewa, kisha nikakata kabari zangu. Toluidini, sekunde 30. Katikati ya bahari ya seli kubwa za waridi, zilizo tupu kama mapovu ya sabuni, zilisimama nyuzi: kila uzi ambao mfanyakazi wa shambani anauona mmoja ni fungu la makumi kwa makumi ya seli zilizobanana, kuta nene za bluu-kijani, na tundu dogo katikati ya kila moja. Zile za karibu na ngozi ya jani zimejipinda kama kwato ya farasi. Za katikati zimeegemea mishipa ya maji na chakula.

Na kati ya seli za waridi kulikuwa na vitu ambavyo rangi haikuvigusa kabisa, vicha vya sindano ndogo zinazong'aa. Nilikata vipande viwili vya miwani ya jua ya polaroidi iliyovunjika, kimoja nikaweka chini ya slaidi, kingine juu ya lenzi ya jicho, nikakizungusha mpaka uwanja ukawa mweusi. Sindano zikawaka nyeupe gizani. Ni fuwele za kalisi oksaleti, na ziko nyingi. Glavu sikuwa nimevaa wakati wa kukata, na mikono iliniwasha mpaka usiku.