Kwa nini suti ya shujaa wa katuni haishoneki kama ilivyochorwa?

Mwezi wa saba Mbeya haina utani. Saa mbili asubuhi mafundi wa Mwanjelwa wanakanyaga cherehani wakiwa wamevaa makoti, na anayechelewa kuwasha pasi ya mkaa analaumiwa na kibaraza kizima, kwa sababu pasi hiyo ndiyo inayowapasha mikono. Siku hiyo nilikuwa nimepeleka suruali ikapunguzwe miguu. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja na mwanawe wa darasa la kwanza. Shuleni kulikuwa na siku ya watoto kuvaa kama mtu wanayempenda, na kijana amekataa udaktari, amekataa urubani. Anataka kuwa Spider-Man, yule shujaa wa katuni mwenye suti ya utando wa buibui.

Mama alikuwa na picha mbili kwenye simu. Moja imechorwa, nyingine imetoka kwenye filamu. Fundi alizikuza kwa vidole, akazirudisha, akazikuza tena.

"Mama Kelvin, hii ya kuchora siiwezi, na hakuna fundi atakayeiweza. Haina mshono hata mmoja. Hii nyingine ni ngumu, lakini angalau imeshonwa na mtu."

Wapenzi wa filamu hubishana usiku kucha kuhusu jambo hili: kwa nini watengenezaji wasichukue vazi lilivyo kwenye kitabu wakalishona, basi? Kila filamu mpya ikitangazwa, watu wanalalamika kwamba suti imebadilishwa. Fundi alikuwa amelimaliza kwa sentensi tatu. Kwenye karatasi hakuna nguo. Mchoraji huchora mwili wa mtu, misuli yote ionekane, kisha anaupaka rangi. Ukiondoa mstari wa shingoni na wa kiunoni, shujaa yuko uchi, amepakwa nyekundu na bluu. Ndiyo maana goti likipinda hakuna kunyanzi, na mkono ukiinuka kwapa halivuti shati.

Hata rangi zenyewe hazikuchaguliwa na mtu aliyefikiria kitambaa. Superman alitokea mara ya kwanza mwaka 1938, kwenye kijitabu cha karatasi duni. Mashine za uchapaji za wakati ule zilichanganya wino wa rangi nne tu, kwa hiyo nyekundu, bluu na njano zilizokolea ndizo zilizotoka vizuri na kumtofautisha shujaa na watu wengine kwenye ukurasa. Hulk, lile jitu la kijani lenye misuli, ndiye mfano ninaoupenda zaidi. Kwenye toleo lake la kwanza, mwaka 1962, alikuwa wa kijivu. Kijivu kikawa kinatoka tofauti ukurasa hadi ukurasa, wakachoka, wakamgeuza kijani. Ukijani wote ule ulianzia kwenye shida ya wino.

Na ile chupi juu ya taiti, ambayo kwenye vibanda umiza huwa haikosi mtu wa kuicheka? Miaka ya 1930 wanamieleka na wabeba vyuma wa sarakasi walivaa hivyo hasa. Msomaji wa wakati ule akiona taiti na bukta fupi juu yake, alielewa mara moja kwamba huyu ni mtu wa nguvu. Sisi hatukuziona sarakasi hizo, ndiyo maana tunaona chupi tu. Filamu ya Superman ya mwaka 2013 iliiondoa, ya mwaka 2025 ikairudisha, na mara zote mbili watu walilalamika.

Sasa chukua rangi za uchapaji uziweke mbele ya kamera. Miaka ya 1950, Superman alipoingia kwenye televisheni ya Marekani, vipindi vya mwanzo vilikuwa vya picha nyeusi na nyeupe. Nyekundu na bluu zote zingeonekana kijivu kimoja, nembo ya kifuani ingezama. Suti ikashonwa ya kahawia na kijivu ili tofauti ionekane. Mtu aliyekuwa studio siku ile alimwona shujaa aliyevaa rangi za udongo.

Kuruka angani nako kuna masharti yake. Hapa Mbeya, asiyewahi kuona video ya kwaya ambayo waimbaji wamesimama mbele ya maporomoko ya maji ya nchi wasiyowahi kufika, basi ni mgeni. Mnajua inavyofanyika: waimbaji wanasimama mbele ya kitambaa cha kijani, kompyuta inaambiwa "kila penye kijani, weka maporomoko." Kwaya ikija na sare za kijani, mabega yanageuka maji. Sinema kubwa zinabanwa na sheria hiyohiyo. Kwenye filamu ya Spider-Man ya mwaka 2002, yeye mwenye bluu alipigwa picha mbele ya kijani, na adui yake Green Goblin, ambaye ni kijani, akapigwa mbele ya bluu. Zamani kidogo, Superman wa mwaka 1978 alikuwa na tatizo gumu zaidi, kwa kuwa kitambaa cha nyuma kilichotumika enzi zile kilikuwa cha bluu na yeye ni bluu. Kwa picha hizo wakamvika suti iliyoelekea kwenye kijani, kisha rangi ikasahihishwa baadaye.

Lakini kazi kubwa iko kwenye kitambaa chenyewe, na hapa fundi wangu alikuwa na mengi. Alimtolea mama kipande cha taiti nyekundu, kile kinachovutika, akakitandaza juu ya meza, akakielekeza kwenye mwanga wa mlangoni.

"Unaona kinavyong'aa? Mtu mzima akikivaa hiki mtupu, kila kitu kinaonekana, hata alichokula asubuhi. Na bado kitaonekana nguo ya kulalia."

Kitambaa laini cha rangi moja hurudisha mwanga sawasawa kila mahali, na jicho linaona bapa. Dawa yake ni kukipa sura: michirizi iliyoinuka, vijisehemu kama magamba, kivuli kilichochapwa pale ambapo msuli unapaswa kuingia. Utando kwenye suti ile ya Spider-Man ya 2002 umeinuka juu ya kitambaa, haukuchorwa tu. Mwanga ukipita unakwama kwenye kingo zake, nguo inapata uzito. Na misuli mingi mnayoisifia si ya mwigizaji peke yake. Chini ya suti huwa kuna fulana yenye sponji iliyochongwa kifua na mabega, ili suti isipwaye wala isijikunje kiunoni.

Wengine walikimbia kitambaa kabisa. X-Men, kundi la mashujaa wa katuni, kwenye filamu yao ya mwaka 2000 walivaa ngozi nyeusi, na ndani ya filamu kuna mzaha kuhusu taiti za njano za kwenye katuni. Batman wa mwaka 1989 alivishwa raba nyeusi, kofia na mabega kitu kimoja. Alitisha kweli. Tatizo, mwigizaji wake, Michael Keaton, hakuweza kugeuza shingo. Akitaka kutazama pembeni, aligeuka kiwiliwili kizima, kama mtu aliyelala vibaya, na baadhi ya watazamaji wakadhani ni mtindo wa kishujaa. Ilichukua karibu miaka 20 hadi filamu ya mwaka 2008, ambayo mbunifu wake Lindy Hemming aliitenga kofia na shingo na kuivunja suti kuwa vipande vingi vidogo. Wakaiingiza hata kwenye hadithi: Batman mwenyewe anaomba suti itakayomruhusu kugeuza kichwa.

Kwangu mimi, aliyeliweza jambo hili kuliko wote ni Ruth E. Carter, mbunifu wa mavazi ya Black Panther ya mwaka 2018. Suti ya mfalme, ambaye ndiye shujaa wa filamu hiyo, ingeweza kuwa nyeusi tupu na kuishia hapo. Yeye aliijaza pembetatu ndogondogo zilizoinuka, akizitoa kwenye michoro ya Kiafrika. Kazi ya kukamata mwanga, ambayo wengine waliifanya kwa magamba yasiyo na asili, hapa ilifanywa na urembo wenye kwao. Walinzi wa mipaka aliwavika mablanketi ya Wasotho, watu wa milima yenye baridi, na mtu wa Makete au Njombe hahitaji kuelezwa kwa nini mlinzi wa mlimani ajifunge blanketi. Taji la mama wa mfalme lilifuata kofia pana ya wanawake wa Kizulu, ila lilitengenezwa kwa mashine ya kuchapa maumbo. Mwaka 2019 Carter alipewa tuzo ya filamu ya Oscar kwa mavazi, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, na mwaka 2023 akapata ya pili kwa filamu iliyofuata.

Na suti haiwi moja. Mwigizaji ana yake ya picha za karibu. Anayeruka badala yake ana nyingine, yenye nafasi ya mikanda ya kumning'iniza. Kuna iliyochanika ya baada ya vita, kuna ya akiba. Nilipomwambia fundi hilo alicheka, akamwambia mama kwamba na yeye angependa mteja wa namna hiyo.

Walikubaliana. Taiti nyekundu na bluu, utando wa uzi mweusi uliopigwa zigizagi, fulana nzito ndani kwa ajili ya baridi, na hiyo ikampa kijana kifua bila sponji. Zipu ndefu mgongoni. Jumatano mtoto akaja kujaribu, suti ikamkaa vizuri mno, akaruka ngazi za duka la jirani mara tatu. Kisha akasimama ghafla, akabana miguu, akamtazama mama yake.

Zipu ilikuwa mgongoni, mkono wake haukuifikia, na kwa mbele hakukuwa na mlango wowote. Fundi alichukua wembe akaanza kufumua palepale, kijana akiwa ndani.