Fidia ya opioidi: nionyeshe kwanza bajeti ya mwaka jana

Kazi yangu ni kuchambua bajeti za umma, na hakuna fungu linalonitia shaka kama pesa za fidia. Hazikutokana na kodi, basi kila idara huziona zake.

Nchini Marekani, kampuni zilizotengeneza, kusambaza na kuuza opioidi, zile dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, zilishtakiwa kwa kuchochea uraibu wa dawa hizo na zimekubali kulipa majimbo na serikali za mitaa zaidi ya dola bilioni 50. Katika makubaliano yaliyokamilishwa 2022, wasambazaji McKesson, Cardinal Health na AmerisourceBergen (sasa Cencora) watatoa hadi bilioni 21 kwa miaka 18, na Johnson & Johnson hadi bilioni 5. Waliojadiliana walikuwa na kumbukumbu chungu ya fidia ya tumbaku ya 1998: mabilioni yaliziba mapengo ya bajeti, kampeni dhidi ya sigara zikaambulia makombo. Safari hii ikaandikwa kwamba angalau asilimia 85 itumike kupunguza madhara ya opioidi, kwa mfano naloksoni ya kumwokoa aliyezidisha dozi, au methadoni, dawa ya kutibu uraibu, ileile wanayokunywa waraibu pale Muhimbili tangu 2011.

Mwanya umebaki, na wala si wizi. Chukulia kaunti iliyokuwa ikilipa washauri nasaha kutoka mapato yake. Fidia inaingia, mishahara inahamishiwa huko, pesa za awali zinakwenda kwenye lami. Risiti zote zipo, mkaguzi anaridhika, na mraibu hajaongezewa hata kitanda kimoja. Baadhi ya majimbo yamepiga marufuku mchezo huu, mengine yameunyamazia.

Ndiyo maana taarifa ya matumizi peke yake hainitoshi. North Carolina, inayopeleka asilimia 85 ya mgao wake kwa serikali za mitaa, huweka takwimu mtandaoni kila mtu azione. Vizuri sana, ila mimi huzifungua sambamba na bajeti iliyotangulia ya kaunti husika. (Magari ya doria ya polisi yaliyonunuliwa kwa pesa hizi sihitaji kuyalinganisha na chochote, nayakataa hapohapo.)

Kisha kuna suala la muda. Malipo ya wasambazaji yanakoma 2038, na mtu anaweza kuhitaji methadoni kwa miaka mingi. Ningekuwa mweka hazina wa kaunti, ningejenga kliniki kwa fidia, gharama za kila siku nikazidai kwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo.