Usalama wa Maji Hupimwa Kwenye Kilula cha Mwisho

Tunapofika kijijini kuchukua sampuli za maji, mara nyingi wanakamati hutupeleka kwanza kwenye chanzo, kwa fahari wanayostahili kuwa nayo, kwa kuwa kisima kirefu kilichofunikwa vizuri au chemchemi iliyojengewa uzio ni matunda ya michango na jasho la watu. Sampuli hiyo tunaichukua. Hata hivyo, tunayoitegemea zaidi ni ile ya kilula, yaani bomba la umma la kuchotea maji, kilicho mbali kuliko vyote na tenki, mahali ambapo maji yamekwisha kupita kwenye kila ungio na kila chemba kabla ya kuingia kwenye ndoo ya mama aliyepanga foleni tangu alfajiri.

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, ambayo ndiyo iliyoanzisha RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, inavitambua vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Chombo kinachokusanya fedha za maji kina wajibu wa kuhakikisha kwamba maji hayo ni salama, hata kama kinahudumia kijiji kimoja chenye vilula vichache. Kiwango cha taifa cha maji ya kunywa, TZS 789, kinataka bakteria aina ya E. coli, ambao huashiria kinyesi, wasionekane kabisa katika mililita 100 za maji. Bakteria hao hawana rangi, harufu wala ladha, na ndiyo maana maji maangavu, hata yale yatokayo ardhini kabisa, hayawezi kusemwa kuwa salama kwa kuyatazama tu.

Uchafu huingiaje baada ya chanzo? Skimu nyingi ndogo hutoa maji kwa saa, ama kwa sababu pampu inategemea jua, ama kwa sababu mafuta ya jenereta yanabanwa. Bomba lenye msukumo likipasuka hutoa maji nje, na wananchi huona dimbwi na kutoa taarifa. Msukumo ukikatika, bomba hilo hilo hunyonya maji ya dimbwi, pamoja na kinyesi cha mifugo iliyokuja kunywa hapo, na maji yakifunguliwa tena uchafu huo husukumwa moja kwa moja hadi kilulani. Kwa maoni yangu, kuziba mvujo siku unapoonekana ni kazi ya afya sawa na kutia dawa, na fundi anayeambiwa asubiri hadi mwisho wa mwezi fedha ya ungio ipatikane anaachwa na hatari isiyo yake peke yake.

Dawa yenyewe, yaani klorini, inahitaji hesabu. Nimewahi kuona ikipimwa kwa kopo, kopo moja kwa kila tenki, bila mtu kuuliza nguvu ya unga uliomo. Tuchukue tenki la lita 50,000 ambalo maji yake yanahitaji miligramu 2 za klorini kwa kila lita: hiyo ni gramu 100 za klorini halisi. Unga wenye nguvu ya asilimia 65 utahitajika gramu 154 hivi, lakini unga wa asilimia 30 utahitajika gramu 333. Kopo lile lile, dawa nyingine, na kijiji kizima kinakunywa maji yaliyotibiwa nusu. Zaidi ya hapo, unga ulioachwa wazi au kuwekwa penye joto na unyevu hupoteza nguvu, na maji yenye tope huimaliza klorini kabla haijaua vijidudu. Maji yakiwa safi, dawa ipewe angalau dakika 30 kabla ya kuyafungulia.

Kisha twende kilula cha mwisho. Fungua koki, acha maji yatiririke kidogo, jaza kichupa, tia kidonge cha DPD, kemikali inayoonesha klorini kwa rangi, na utikise. Maji yakigeuka ya waridi, linganisha rangi hiyo na ile ya kisanduku cha vipimo. Mabaki ya klorini yasipungue miligramu 0.2 kwa lita hapo mwisho. Yasipogeuka rangi, klorini imekwisha njiani, na ni lazima kutafuta ilikomalizikia kwa kupima kilula kimoja baada ya kingine kurudi nyuma. Kipimo hiki huchukua dakika chache, na mhudumu wa kilula aliyefundishwa anaweza kukifanya kila siku na kuandika tarehe, saa na matokeo katika daftari.

Klorini haiondoi kila kitu. Katika maeneo ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida kuna visima vyenye floraidi nyingi, ambayo huyapaka rangi ya kahawia meno ya watoto na, ikizidi kwa miaka mingi, hupinda mifupa. Tanzania iliwahi kuruhusu hadi miligramu 4 kwa lita kabla ya kushusha kiwango hadi 1.5. Kuchemsha hakusaidii hapa. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi hubaki, na huwa nyingi zaidi katika kila lita iliyosalia. Dawa ni kubadili chanzo, kuchanganya na maji yenye floraidi ndogo, au kuchuja kwa njia maalumu kama mkaa wa mifupa.

Sampuli ya bakteria ichukuliwe kwa chupa iliyotakaswa, yenye kemikali ya kuzima klorini, mdomo wa chupa usiguswe kwa mkono, na iwekwe kwenye kasha la barafu ili ifike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, na kwa vyovyote isizidi 24.

Majibu yakionesha E. coli, wananchi waambiwe siku hiyo hiyo, kwa tangazo la msikitini, kanisani na shuleni, na kwa karatasi iliyobandikwa kilulani, kwamba maji yachemshwe hadi yatokote kabla ya kunywewa. Mafundi wakague chanzo, tenki na maungio, waoshe na kutia dawa, kisha sampuli nyingine ichukuliwe pale pale palipoonekana tatizo. Karatasi ile isibanduliwe hadi majibu ya pili yarudi yakiwa safi.