Mashine moja ya kobalti: ushirikiano wa kimataifa unaacha nini katika tiba ya saratani

Mwishoni mwa Machi 2016, mashine ya kobalti ya Hospitali ya Mulago jijini Kampala iliharibika kiasi cha kutotengenezeka. Ilikuwa imefanya kazi tangu 1995, na kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mashine pekee ya tiba ya mionzi katika Uganda nzima, mgonjwa wa Gulu na mgonjwa wa Mbarara walikosa tiba siku ileile. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400 bila malipo. Wengine wengi walibaki wakisubiri. Mashine mpya, iliyopatikana kwa ushirikiano wa serikali ya Uganda na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ilizinduliwa rasmi Januari 2018.

Wananchi wengi hutuuliza kwa nini kifaa kimoja kichukue karibu miaka miwili. Mashine ya kobalti hubeba ndani yake chanzo cha mionzi ambacho nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na kidogo, hivyo mgonjwa aliyehitaji dakika mbili chini ya mashine mpya atahitaji dakika nne chanzo kikishazeeka, na foleni nje ya mlango hurefuka hata kama idadi ya wagonjwa haijaongezeka. Chanzo cha zamani hakitupwi jalalani. Huondolewa kwa vibali na wataalamu maalumu, na mashine huwekwa katika chumba chenye kuta nene za zege. Mashine za kisasa aina ya linaki, zinazozalisha mionzi kwa umeme, hazina chanzo cha namna hiyo, lakini zinadai umeme usioyumba, mfumo wa kupoza, vipuri na wanafizikia tiba wa kuzipima mara kwa mara. Kwa maoni yetu, hapa ndipo misaada mingi hukwama: utepe wa uzinduzi hukatwa mbele ya kamera, ilhali mkataba wa matengenezo haujasainiwa na mtu yeyote.

Mpango wa Miale ya Matumaini (Rays of Hope) wa kuzisaidia nchi kupata tiba ya mionzi, ulioanzishwa na shirika hilohilo la atomiki mwaka 2022, ulizinduliwa wakati zaidi ya nchi 20 za Afrika hazikuwa na huduma yoyote ya tiba ya mionzi. Kipimo chake cha kweli kitakuwa hali ya mashine zinazopatikana kupitia mpango huo katika mwaka wake wa kumi.

Uganda hiyohiyo inaonyesha pia upande wa pili, wa ushirikiano unaoacha wataalamu. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto, ambao leo tunauita limfoma ya Burkitt, aina ya saratani ya mfumo wa limfu. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967 kwa ushirikiano na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, na tafiti zake zilisaidia kuonyesha kwamba saratani hiyo inaweza kuponywa kwa dawa. Wamarekani walipoondoka mapema katika miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Idi Amin, uongozi ulishikwa na Charles Olweny, daktari Mganda. Dawa na vifaa viliadimika, lakini taasisi haikufungwa, kwa sababu alikuwapo mtu aliyejua kazi. Miongo kadhaa baadaye, kituo cha utafiti wa saratani cha Fred Hutchinson cha Seattle, Marekani, kilipoanza kushirikiana na taasisi hiyo, madaktari wa Uganda walikwenda kusomea huko na kurudi nyumbani, na jengo la pamoja likafunguliwa mwaka 2015.

Ushirikiano wa aina hii hauishii katika kutibu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2022 wanawake wapatao 350,000 walifariki kwa saratani ya mlango wa kizazi, na asilimia 94 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Chanjo ya virusi vya HPV, ambavyo ndivyo husababisha saratani hiyo, ilikuwapo kwa miaka mingi, ila dozi mbili au tatu zilikuwa mzigo kwa bajeti na kwa wahudumu wa afya. Watafiti wa Kenya, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Washington cha Marekani, waliwafuatilia wasichana na wanawake 2,275 wenye umri wa miaka 15 hadi 20 huko Kisumu, Thika na Nairobi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa, katika miezi 18, dozi moja ilizuia maambukizi ya aina mbili hatari zaidi za virusi hivyo kwa asilimia 97.5. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliruhusu nchi kutumia dozi moja.

Tanzania ilihamia utaratibu huo mwaka 2024 kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Muuguzi wa zahanati hahitaji tena kumtafuta shuleni msichana aliyechanjwa miezi sita iliyopita na ambaye huenda ameshahama.