Usianze kwa kutafuta "like": kutambua tamathali za semi katika Kiingereza

Nafundisha Kiingereza na fasihi hapa Kigoma, na kila nikisahihisha madaftari nakutana na mstari uleule chini ya neno "like". Mwanafunzi ameandikiwa "I like migebuka", yaani napenda migebuka, samaki wa ziwa letu; amepiga mstari, na pembeni ameweka jibu: simile. Si mvivu huyu. Amefuata sawasawa alichoambiwa, kwamba ukiona "like" au "as" umeiona tashbihi. Kanuni hiyo ni fupi na inakaririka kwa urahisi, ndiyo maana haifi. Leo naomba tuizike.

Swali la kuanza nalo ni hili: je, sentensi hii inaweza kuwa kweli kama ilivyo? Chukua "She looks like her mother." Binti na mama ni watu wawili, unaweza kuwasimamisha bega kwa bega ukatazama pua na macho. Huo ni ulinganisho wa kawaida, hauna tamathali. Sasa chukua "Her voice is like gravel." Sauti haina chembe, kokoto hazizungumzi. Vitu vya jamii mbili tofauti vimekutanishwa ili kimoja kikipe kingine sifa yake, hapa ukwaruzaji. Hiyo ndiyo tashbihi.

Neno "as" lina mitego zaidi. "He works as a fisherman" inataja kazi ya mtu. "As the boat left Kibirizi, it began to rain" inataja wakati. "He is as tall as his brother" ni kipimo, lete futi ukapime. Lakini "as thin as a rake" inamlinganisha mtu na reki ya bustani, na hapo ndipo unapopiga mstari. Kinachonishangaza ni kwamba mwanafunzi huyuhuyu hawezi kukuambia "kama mvua ikinyesha" ni tashbihi, ingawa "kama" imo. Anajua bila kuambiwa kwamba "mrefu kama mlingoti" ndiyo yenyewe. Sikio analo, ila kipindi cha Kiingereza kikianza analiacha nje ya mlango. Tashbihi, sitiari, tashihisi na mubaalagha alishazisoma kwenye Kiswahili; majina tu ndiyo yamebadilika.

Sitiari ni kukiita kitu kwa jina la kingine bila "like" wala "as", na ile ya "My brother is a lion" haimsumbui mtu. Kazi iko kwenye sitiari iliyojificha ndani ya kitenzi: "Prices climbed", "She devoured the novel", "His hopes withered". Hapa jiulize, kitenzi hiki kwa kawaida ni cha nani? Kupanda ni kwa mwenye miguu, kunyauka ni kwa mmea. Kikiwa kimeazimwa, kuna sitiari. Mwaka 1980 mwanaisimu George Lakoff na mwanafalsafa Mark Johnson walionyesha kwamba Kiingereza cha kila siku kimejaa mikopo ya aina hii, na kwamba mikopo yenyewe inakwenda kwa makundi. Mabishano yanasemwa kama vita: mtu "attacks" hoja, mwenzake "defends" msimamo. Muda unasemwa kama fedha: "spend", "save", "waste". Nasi si wageni huko, tunapoteza muda, tunaokoa muda, na hoja ya mtu tunaiita butu.

Je, sasa kila "spend time" ipigiwe mstari kwenye mtihani? Hapana. Nyingi zimeshakufa. Mto Malagarasi unaingia Ziwa Tanganyika kusini ya mji wetu, na anayesema "the mouth of the Malagarasi" hafikirii meno wala ulimi. Ni jina tu la mahali. Lakini mshairi akiandika "the river's mouth chewed our nets", kile kitenzi kinaufufua mdomo uliokufa, na sasa hata "mouth" ina kazi. Kwa hiyo usihukumu neno likiwa peke yake, soma na jirani zake.

Tashihisi ndiyo inayotugombanisha walimu. "The lake was angry" haina ubishi, hasira tumempa ziwa kutoka kwa binadamu. Je, "The lake roared"? Anayenguruma ni simba, si mtu. Wengine huita zote tashihisi kwa kuwa ziwa limepewa uhai. Mimi natazama kilichoazimwa: kikiwa ni moyo, akili au maneno ya mtu, naita tashihisi; kikiwa cha mnyama, naita sitiari. Mwanafunzi akichagua tofauti lakini akaeleza vizuri, alama zake nampa. Nisichokubali ni "a sleepless night" kuitwa tashihisi. Usiku hapo haukufanywa mtu. Kivumishi cha mtu aliyekosa usingizi kimehamishiwa kwenye usiku wenyewe.

Hadi hapa lile swali la ukweli limetufaa. Kuna mahali linashindwa, na mfano wake mkubwa kabisa ulizaliwa hapa kwetu Ujiji.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York Herald, alifika Ujiji baada ya miezi ya kutembea kutoka Bagamoyo akimtafuta David Livingstone. Magonjwa, vita vya njiani, wapagazi kutoroka, yote aliyapitia. Alipomkuta mzee yule, kwa maelezo aliyoyachapisha mwenyewe, alivua kofia na kusema: "Dr Livingstone, I presume?" Tafuta "like" humo, haimo. Tafuta uongo, haumo pia, kwa maana kweli alidhani ni yeye. Basi kwa nini wasomaji wa Kiingereza waliicheka sentensi hiyo na wanaicheka mpaka leo? Kwa sababu ni salamu ya sebuleni, ya watu wawili waliokutana kwenye chai, imesemwa mahali ambapo mtu huyo hakuweza kudhaniwa kuwa mwingine. Jambo kubwa limevikwa nguo ndogo. Huo ni upunguzaji, kwenye mtihani unaitwa understatement. (Kurasa za shajara ya Stanley za tukio hilo zilichanwa, hivyo hatuna pa kuhakikishia kama aliyatamka kweli. Kwa somo letu haidhuru.)

Kwa hiyo kuna swali la pili: ukubwa wa maneno unalingana na ukubwa wa jambo? Maneno yakizidi jambo ni mubaalagha, kama mama anayesema "I've told you a million times". Yakipungua ni upunguzaji, na Waingereza wanaupenda kuliko wanavyokiri. Mwingereza akionja samaki wako akasema "not bad", usinune, huenda amefurahi sana. Anakanusha ubaya badala ya kutaja uzuri. Nawe ukiulizwa habari za biashara ukajibu "si haba", umefanya hicho hicho.

Kejeli pia inakaa nje ya sentensi. "Lovely weather!" ni sifa tupu mpaka ujue msemaji amelowa chapachapa. Mwanafunzi anayesoma mstari mmoja tu wa kifungu hawezi kuiona hata akikodoa macho.

Metonimia inachanganywa na sitiari, wakati njia zake ni mbili mbali. Sitiari huenda kwa kufanana, metonimia huenda kwa ukaribu. "The kettle is boiling": birika halichemki, yanachemka maji yaliyomo, na birika halifanani na maji hata kidogo, limekaa nayo tu. Sehemu ikisimama badala ya kitu kizima ni sinekdoki, kama "all hands on deck", ambapo mabaharia wameitwa mikono kwa kuwa mikono ndiyo inayotakiwa. Tamathali mbili zinaweza pia kupanda mtumbwi mmoja. "The whole of Kigoma was at the port" imetaja mji badala ya watu, halafu ikatia chumvi juu.

Kwenye sauti napenda kukaa kidogo, maana hapo ufundi wetu wa Kiswahili unatuponza. Tanakali zetu husimama zenyewe: alitumbukia majini chubwi, akaanguka pu. Hazinyambuliki, hazibebi wakati, kwa hiyo zinaonekana waziwazi. Za Kiingereza nyingi zimevaa nguo za vitenzi na nomino. "The oars splashed", "the fat sizzled", "a snake's hiss": zinapokea "-ed", zinapokea wingi, zinajifanya maneno ya kawaida. Mwanafunzi anayesubiri neno lililojitenga anazipita zote. Dawa ni kusoma kwa sauti. Na dawa hiyohiyo inatibu takriri ya konsonanti, yaani kurudia sauti moja mwanzoni mwa maneno, ambayo ni ya sikio, si ya tahajia. "City" na "cat" zinaanza kwa herufi moja lakini hazihesabiki. "Phone" na "fish" zinahesabika. "K" ya "knife" haisikiki kabisa.

Nahau jaribu kuzibomoa. "Spill the beans" ni kutoboa siri. Weka "peas" badala ya "beans" na siri imepotea, zimebaki njegere sakafuni. Sitiari hai haiogopi kubadilishwa hivyo, nahau inavunjika.

Kwenye kujibu, jina la tamathali likikaa peke yake ni nusu ya jibu. Sema kitu gani kimeazimwa, kimetoka wapi, kimempa msomaji nini. Ukitaka kujipima, chukua hizi tano: "The lamp winked from the far shore." "He eats like his father." "Five mouths to feed." "It rained a little," alisema mtu ambaye nyumba yake imechukuliwa na mafuriko. "Time is a thief." Ya pili ndiyo yenye mtego.