Upepo wa tairi na mawe ya Roubaix

Kila Aprili, Paris-Roubaix, mbio za baiskeli za Ufaransa, ikikaribia, wateja wanaoniletea baiskeli huniuliza swali lilelile: mbio za siku moja, zisizo na mlima hata mmoja, mbona zinaogopwa hivi? Huwa nawapa tairi waibonyeze kwa kidole gumba, kisha ndiyo naanza kueleza.

Jina lisikuchanganye. Tangu 1977 mbio hizi zinaanzia Compiègne, kaskazini mwa Paris, na kumalizikia kwenye uwanja wa baiskeli wa Roubaix, karibu na mpaka wa Ubelgiji. Ni kilomita kama 260, na zaidi ya 50 kati ya hizo ni barabara za mawe zilizogawanyika katika vipande karibu 30. Vipande huhesabiwa kurudi nyuma, cha mwisho ndicho namba moja, na kila kimoja hupewa nyota kwa ugumu wake. Vyenye nyota tano ni vitatu tu: Arenberg, Mons-en-Pévèle na Carrefour de l'Arbre.

Ukisikia mawe usifikirie kabro za maegesho ya Nairobi, zilizopangwa na kushindiliwa zikawa sawa. Haya ni mawe mazito yaliyochongwa zamani za mikokoteni. Matrekta yameyadidimiza kulia na kushoto, katikati kumebaki mgongo. Baina ya jiwe na jiwe, kwingine mkono mzima unaingia. Arenberg ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inapita msituni: jua halifiki vizuri, mawe yanaota ukoga. Iliingizwa kwenye mbio mwaka 1968 kwa pendekezo la Jean Stablinski, bingwa wa dunia wa 1962, ambaye ujanani alifanya kazi kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa hukohuko. Mbelgiji Johan Museeuw alianguka Arenberg mwaka 1998, pia ya goti ikavunjika, na kidonda kikaoza hadi nusura akatwe mguu. Mwaka 2000 alishinda Roubaix, na alipovuka mstari aliunyoosha mguu huo na kuuonyesha kwa kidole.

Sasa turudi kwenye tairi. Tairi ngumu ikigonga jiwe inaruka, na ikiwa hewani haisukumi kitu. Nguvu ya miguu inapotea bure, na mtikisiko wote unaishia viganjani, mabegani na kiunoni. Tairi laini inalilalia jiwe kisha inarudi umbo lake, gurudumu likiwa bado limeshika njia. Kwa hiyo tunapunguza upepo. Lakini ukipunguza mno, jiwe linafika kwenye rimu. Zamani tyubu ilibanwa hapo ikatoka na matundu mawili. Leo wengi wameacha tyubu, wanatia maji ya kuziba pancha ndani ya tairi, ila rimu ya kaboni ikipasuka hakuna maji yatakayoiokoa.

Nilijifunza kazi hii wakati tairi ya milimita 23 ikijazwa upepo wa paundi 100 na zaidi. Siku hizi Roubaix watu wanapanda tairi za milimita 32. Kwa mtu wa kilo 75 mimi huanzia paundi 55 nyuma, mbele pungufu kidogo kwa kuwa uzito mwingi unakaa nyuma. Halafu namtuma apite kwenye mawe kwa kasi, nami nimesimama kando nasikiliza. Tairi ikipita sawasawa inanguruma. Rimu ikigusa jiwe inalia “ta!”, mlio mfupi mkavu, huwezi kuukosea. Nikiusikia mara moja katika kipande kizima, naridhika. Mara tatu, naongeza paundi mbili na anarudi tena.

Paundi hizo mbili si mchezo. Mwaka 2023 Wout van Aert alikuwa na Mathieu van der Poel kwenye Carrefour de l'Arbre, zimebaki kilomita zisizozidi 17. Alikuwa ndiyo kwanza amechapuka, mara tairi ya nyuma ikaisha upepo. Van der Poel akampita, akaenda kushinda. Mpaka leo nikiangalia zile sekunde naumia kama aliyekuwa na pampu mkononi.

Pancha ya kwenye mawe ina taabu yake, maana gari la timu liko mbali nyuma na njia ni nyembamba. Ndiyo maana watu husimama vipande vinapoishia, wamenyanyua magurudumu ya akiba juu. Nimeifanya kazi hiyo kwenye mbio ndogo za Ubelgiji. Unaona vumbi kwanza, halafu mtu mmoja ameinua mkono, na wewe unaanza kukimbia kabla hujajua kama ni wa timu yako.

Septemba 2025, mashindano ya dunia yalipofika Kigali, wengi walilinganisha mawe ya Kwa Mutwe na ya Roubaix. Kwangu ni kazi mbili tofauti kabisa. Kwa Mutwe ni kupanda, mwendo uko chini, rimu haiko hatarini sana. Hofu yangu pale ni gurudumu la nyuma kuteleza mtu akisimama juu ya pedali. Roubaix ni tambarare, na mwaka 2024 mshindi alikwenda kwa wastani wa kilomita 47.8 kwa saa. Kwa kasi hiyo kila jiwe ni nyundo.

Mikono nayo inalipa. Lizzie Deignan aliposhinda mbio za kwanza za wanawake mwaka 2021, kwenye mvua na matope, baada ya kutangulia peke yake zaidi ya kilomita 80, utepe wa usukani wake ulikuwa na damu. Hakuwa amevaa glavu. Kwenye mawe usukani haukabwi: unaushika kama unavyoshika kifaranga, gia nzito, na baiskeli unaiachia icheze chini yako.

Mbio zikiisha naosha baiskeli, navua tairi na kuzungusha pamba taratibu kwenye ukingo wote wa rimu. Pamba ikinasa hata uzi mmoja, hapo pana ufa, na gurudumu hilo nalitoa kabisa.