Mbung'o wa Unguja hawakuhaririwa jeni

Uhariri wa jeni ni kukata vinasaba vya kiumbe mahali palipochaguliwa, ili jeni iliyopo pale izimwe, irekebishwe au itiwe nyingine. Chombo kinachotumika zaidi ni CRISPR, ambacho kiliwapatia Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2020. Kwa wadudu, lengo huwa ama kupunguza idadi yao, ama kuwafanya wasiweze kueneza vimelea vya maradhi. Maelezo yenyewe hayana ugumu.

Ugumu ni kwamba hapa Unguja, kila inapotajwa habari ya mbu waliobadilishwa jeni maabara, hakosekani mtu wa kusema kuwa jambo hilo si geni kwetu, kwani mbung'o nao "walibadilishwa jeni". Mbung'o wa Unguja, wa aina ya Glossina austeni, walitokomezwa kwa madume waliofugwa Tanga, wakapigwa mionzi ya gama, kisha kuanzia mwaka 1994 wakaangushwa kwa ndege ndogo, wakiwa ndani ya vijiboksi vya karatasi, hadi wa mwisho wa porini akanaswa Septemba 1996. Mionzi haichagui mahali pa kukata: huvunjavunja kromosomu za mbegu za dume ovyo ovyo, na mimba inayotokana na mbegu hizo huharibika. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, tena huzaa buu mmoja mmoja, hatagi mayai kwa mamia kama inzi wa jaani. Akishapata dume tasa, basi uzazi wake umekwisha. Dume huyo naye harithishi kitu, kwa kuwa hana mtoto wa kumrithi.

Mdudu aliyehaririwa anaweza kuwa na watoto, lakini hata hapo jeni iliyohaririwa hurithiwa na takriban nusu ya watoto wake, kama jeni nyingine yoyote. Kinachowatisha watu ni msukumo wa jeni, yaani jeni inayojinakili yenyewe hadi ikarithiwa na karibu watoto wote, na hilo ni jambo la tatu. Mwaka 2018 watafiti wa Imperial College, London, walitumia msukumo huo kueneza ubovu wa jeni iitwayo doublesex, inayoongoza ukuaji wa jinsia, kwa mbu wa malaria waliofungiwa vizimbani. Majike waliorithi nakala mbili mbovu, moja kwa baba na moja kwa mama, hawakuuma wala hawakutaga, na mbu wote wakaisha ndani ya vizazi 7 hadi 11. Na mbu walioachiwa Burkina Faso mwaka 2019, ambao nao hutajwa sana, walikuwa madume tasa waliopandikizwa jeni, bila ya msukumo wowote.

Kwa hiyo anayetaka kuwatolea mfano mbung'o wetu na aseme kwamba waliangamizwa kwa madume waliofanywa tasa kwa mionzi, na anayeambiwa kuwa mbu fulani amehaririwa na aulize kwanza kama ana msukumo wa jeni au hana.